Ukuta Ulionijibu

Lorna shoga yangu, hebu sikia haya.

Niko kwa mama, kwenye gereji ya nyumbani, natengeneza rafu za makopo ya rangi ya marehemu baba. Nikagonga ukuta kutafuta nguzo za mbao zilizo ndani yake, za kupigia skrubu. Ngo ngo ngo.

Ukuta ukajibu. UKAJIBU, Lorna! Ngo ngo ngo!

Nyundo ikaniponyoka. Mara namsikia mama jikoni, upande wa pili wa ukuta: "Haya Wendell, acha mbao zako, supu imeiva!"

Wendell. Baba tuliyemzika Machi! Ndivyo walivyokuwa wakiitana kula, kwa kugongeana ukuta, baba gereji, mama jikoni.

Nikamkimbilia. "Mama, ni mimi nimegonga."

Akanitazama, ametulia kabisa. "Leo umegonga wewe, Darlene, sawa. Na siku zingine zote anagonga nani?"