Njia ya Nne Sakafuni

Senge,

Najua, shangazi yangu, ungeanza kwa kuniuliza kama nimekula. Nimekula. Ugali na kunde, na Chemutai amenijazia chai kwenye ile thamosi yako yenye maua. Nakuandikia kutoka Kitale, ndani ya nyumba yako, nimekalia kiti chako. Usianze kunung'unika. Nimevua viatu.

Mtoto alizaliwa. Msichana. Ulituacha wakati wa kiangazi, mimba ya mke wangu ikiwa bado siri ya watu watatu, na wa tatu ulikuwa wewe. Siku tulipokulaza Sirisia kando ya ndugu yako, baba yangu, Chemutai alisimama nyuma ya watu akiwa ameshika tumbo lisiloonekana, na nikafikiri, ni wewe peke yako ungejua kwa nini ameshika hapo. Sasa mtoto anashika kidole changu na hakiachii. Lakini mpaka wiki iliyopita hakuwa na jina. Alikuwa na la kliniki tu. La ukoo lilikwama, na aliyelikwamisha, kwa namna fulani, ni wewe. Nitafika hapo.

Kwanza kigari, kwa sababu ungetaka kusikia habari za magurudumu kabla ya habari za watu.

Chemutai alijifungua kwa upasuaji na mgongo ukamsumbua, daktari akamkataza kubeba chochote mgongoni kwa muda. Nikasema basi, tununue kigari cha kumsukuma mtoto. Majirani wetu hapo Kibabii walinicheka mpaka nikaona haya. "Mwalimu, si mtoto hufungwa na leso? Hiyo wilbaro ni ya nini?" Nikawaambia mimi nimelelewa na mtu wa magurudumu, sioni cha kuchekesha. Hawakuelewa, wakacheka zaidi.

Duka la kwanza Bungoma mjini walikuwa na vigari vya kupendeza macho. Kimoja cha waridi kilikuwa na kikapu, pa kuweka chupa, na kijimwavuli. Magurudumu yake lakini yalikuwa ya plastiki, madogo, yasingefika hata kwenye lami kutoka kwetu matope yakiwepo. Nikakipindua juu ya kaunta, nikaanza kuzungusha gurudumu moja moja. Kijana wa duka akaniangalia. "Boss, unanunua pramu ama pikipiki?" Nikamwambia angoje kidogo, nasikiliza. Na kweli nilikuwa nasikiliza. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba gurudumu zima huzunguka kimya, na likikwaruza kuna nywele zimejiviringa kwenye ekseli. Jumamosi zangu za utotoni nilizimaliza nikiwa chali chini ya kiti hiki, na kijiti cha kiberiti mkononi, natoa nywele zako.

Halafu tukagombana, mimi na Chemutai, mbele za watu. Kumbe kuna vigari ambavyo mtoto humtazama anayemsukuma, na vingine ambavyo hutazama njia. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba hilo ni jambo la kuchaguliwa. Chemutai alitaka mtoto amwone mama yake. Mimi nilitaka aone dunia, aone ng'ombe, aone mvua inavyokuja kutoka Mlima Elgon. Tulibishana mpaka yule kijana akatuletea stuli tukae. Tukatoka bila kununua.

Tulikipata tulichokitaka kwenye mitumba, hapa hapa Kitale. Kimetumika, kimepauka, lakini kina magurudumu matatu makubwa yenye mpira wa hewa, na kikalio chake kinageuzwa. Ukitaka, mtoto anakutazama wewe. Ukitaka, anatazama barabara. Nilipokigeuza kililia tak, nikakigeuza tena na tena. Chemutai akaniangalia akasema, "Kiti cha Senge kimezaa."

Kiti chako. Hivi ni nani aliyefikiria kwanza kwamba mtu aweze kugeuka bila kuinuka? Nimejiuliza sana. Wengine waliketi miaka yote hiyo wakikunja shingo, mpaka akatokea mmoja akaona heri kiti kizunguke. Nimekikagua upya wiki hii: mgongo wa mbao uliopinda kwa ustadi, kikalio cha ngozi iliyopasuka, mguu mmoja wa chuma unaogawanyika chini mara nne, na kila ncha ina gurudumu. Kilikuwa kwenye ile ofisi ya mbegu tangu enzi za wazungu. Ulikikalia ukipiga chapa mpaka walipoleta vipya, ukaomba cha zamani ukaja nacho nyumbani. Watu wakasema Nasimiyu anaringa, ameweka kiti cha meneja sebuleni. Wakisema hivyo wewe unawapikia chai huku ukiteleza nacho kutoka jikoni hadi mezani, sinia mapajani.

Nje ulikuwa mtu wa magongo mawili na jasho. Mguu wa kushoto polio iliushika ukiwa mdogo, haukukua. Lakini ndani ya nyumba hii ulikuwa na kiti, na mguu wa kulia ukisukuma hakuna aliyekushinda mbio. Mimi mwenyewe hukunipa nafasi hata mara moja.

Ndiyo maana sakafu hii nyekundu ina njia zilizochimbwa na magurudumu. Ya kwanza inatoka chumbani hadi jikoni. Ya pili inakwenda mezani. Ya tatu inakwenda dirishani kwenye redio, na mwisho wake kuna duara, pale ulipokuwa ukigeuka ghafla mtu akitaja jina lako huko barabarani. Halafu kuna ya nne, ile ya kona ya nyuma, iliyoshikana na ukuta wa jikoni. Hiyo haitoki popote wala haiendi popote. Ni fupi, hatua moja ya mtu mzima, mbele na nyuma, lakini ndiyo iliyolika kuliko zote. Nilikuwa nikiendesha humo gari langu la waya. Siku moja nikakuuliza, "Senge, hapa ulikuwa unaenda wapi?" Ukacheka mpaka ukashika mbavu, ukaniita Papa kama kawaida yako. "Hapa, Papa? Hapa nimesafiri mbali sana." Nikadhani ni mzaha wako, nikarudi kwenye gari langu.

Habari za utoto wangu nilisimuliwa hivi. Mama alifariki akinizaa. Baba alikuwa kazini mbali. Nikabaki Sirisia kwa kukhu, mama yenu, mpaka nikaweza kutembea, ndipo nikaletwa kwako, maana mtu wa magongo angebebaje mtoto mchanga? Baba Mkubwa, kaka yenu, alilisimulia hilo kwenye kila mkutano wa familia, nawe ukiwa pale pale, unakunja na kukunjua leso mapajani. Hukumpinga hata siku moja.

Basi nilipomwambia kwamba mtoto wangu ataitwa Nasimiyu, jina lako, akakataa. "Si huyu amezaliwa mvua ikinyesha? Nasimiyu ni wa kiangazi. Mwite Nafula, maneno yaishe." Hilo la mvua lilikuwa la mdomoni tu. Nilipomkazia, akasema lililo moyoni. "Senge wako hakuzaa, na hakulea mtoto mchanga. Wewe ulifika kwake ukitembea, akakusomesha, vizuri sana, tunashukuru. Lakini jina la mtu hivyo halirithiwi. Ati huyo mtoto arithi nini?"

Senge, liliniuma. Nilitaka kumwambia nipo, mimi ndiye mtoto wake aliyebaki, nitazame. Kabla sijaanza akaongeza kwamba nyumba hii ipangishwe, na kabla ya kupangishwa iwekwe vigae, kwa sababu hakuna mpangaji atakayekubali sakafu iliyochimbika namna hii. Hapo nikakubali. Nilikuwa nimechoka kubishana, na nikafikiri nikishindwa kwenye jina, sakafu ni kitu gani?

Jumamosi tulikuja kuhamisha vyombo, fundi wa vigae aingie Jumatatu. Na ucheke sasa: tulivihamisha kwa kigari cha mtoto. Sufuria zako zote, sahani, pasi ya makaa, vyote vikapanda humo, vikasukumwa hadi kwa jirani. Majirani wa Kibabii walisema kweli, ni wilbaro. Alasiri mvua ya mawe ikaanza, mabati yakapiga kelele, mtoto akashtuka akaanza kulia. Chemutai alikuwa amejilaza, mgongo umemkamata. Kigari kilikuwa kimejaa vikombe. Nikatembea na mtoto chumba chote, nikamwimbia, nikamgeuza, wapi. Mwishowe nikakalia kiti hiki kwa kuwa ndicho kilichosalia, nikakunja mguu wa kushoto nimwegemeze mtoto vizuri, nikasukuma kwa wa kulia.

Kiti kikaenda. Unajua kinavyovuta kushoto. Nilidhani nakiendesha, kumbe kinaniendesha. Kikapita palipokuwa na meza, kikasogea kona ya nyuma, na magurudumu yakaingia kwenye njia ya nne. Niliyasikia yakiingia. Nikajaribu kuyatoa, hayakutaka. Nikasukuma mbele. Nikavuta nyuma. Mbele, nyuma.

Mtoto akanyamaza.

Mimi ni mwalimu wa sayansi, siamini kitu mara moja. Nikaacha kusukuma, akalia. Nikasukuma, akanyamaza. Nikaacha tena, Mungu anisamehe, akalia tena. Nikarudi kwenye kazi. Halafu mkono wangu ukagusa ukuta, na ukuta ulikuwa na joto. Upande wa pili ni jiko lako la kuni, na asubuhi tulikuwa tumechemsha maji ya kuogea. Nyumba nzima ilikuwa baridi, ile baridi ya Kitale inayoingia hata kwenye meno, lakini kona hii ilikuwa na joto kama kitanda kilichotoka kulaliwa. Nikatazama chini. Kisigino changu kilikuwa kimekaa ndani ya kishimo kidogo kwenye saruji, mahali pa mguu wa kulia, na wa kulia tu.

Mtoto anayetembea habembelezwi mpaka saruji ikalika.

Nililia, Senge. Sikulia hivyo hata Sirisia. Nililia kwa sauti, mvua ikanifichia, na mguu wangu ukaendelea kusukuma kwa sababu sikuthubutu kumwamsha. Miaka yote nimejiuliza ni mikono ya nani iliyonishika kwanza. Nikiwaona wanafunzi wangu wakichora mama zao, nilijiuliza. Nami nilikuwa nimeegesha gari langu la waya juu ya jibu.

Nilimpigia Baba Mkubwa, nikamwomba apite kesho yake. Akaja kutoka Kamukuywa baada ya ibada, koti limelowa. Nilimketisha kwenye kiti, pale pale konani, nikampakatisha mtoto. Mtoto akaanza kulalamika, na mzee, kama mzee yeyote aliyewahi kulea, akaanza kusukuma kwa mguu. Mbele, nyuma. Akahisi. Akatazama chini, akapapasa kile kishimo kwa kisigino.

"Hii ni ya nini?" akauliza. Lakini hakungoja nimjibu.

"Tulimwachia wewe, kichanga, wiki moja," akasema. "Mama yetu alikuwa mgonjwa, hangeweza. Wiki moja tu, tukasema, tutamrudia. Halafu, si unajua, mahindi, mambo, kila mtu na zake. Tukaja kukuchukua, tukakuta unatembea, tukakuacha hapa hapa. Ungesema nini kwa watu? Ati tulimtupia kichanga mtu asiyeweza kusimama?" Akasukuma tena. "Na yeye akanyamaza, bana. Nikisimulia, ananyamaza tu."

Nilitaka kumkasirikia. Nilikuwa nimejiandaa kabisa. Lakini alikuwa analia ndani ya koti lake lililolowa, na mtoto wangu alikuwa amelala juu ya tumbo lake. Akainama, akaita kwa sauti ya chini, "Nasimiyu." Mtoto hakuitika. Akaita tena, polepole zaidi, asije akamwamsha.

Ndivyo alivyopata jina.

Bado nina maswali. Ulinilisha nini? Ulitokaje nje nami kwenda kuchota maji, magongo mkono huu na huu? Ulinifunga kifuani? Ulianguka mara ngapi? Na kwa nini ulinyamaza? Chemutai anasema ulimwonea huruma kaka yako. Mimi naona labda ulijua wakisikia ulivyoweza, wangekuja kuninyang'anya kwa kisingizio cha kukusaidia. Au ulitaka iwe yako peke yako. Leo ndiyo ningekuuliza, na ningekataa kuchekeshwa.

Fundi wa vigae alifika Jumatatu asubuhi na ndoo zake. Nikampeleka bafuni. Sebule hii haiguswi, na kiti hakiendi popote. Nimeshatoa nywele kwenye ekseli, zako bado zilikuwemo, nyeupe, nimezifunga kwenye karatasi nikaziweka ndani ya Biblia yako.

Nakuahidi hivi. Likizo zote tutakuja hapa kuwasha jiko, ukuta upate joto. Nasimiyu atalala chali chini ya kiti hiki Jumamosi, na kijiti cha kiberiti mkononi, apende asipende. Na siku atakayoniuliza njia hii ya kona inakwenda wapi, sitacheka kama wewe. Nitamwonyesha pa kuweka mguu, nimwambie baba yake alibebwa hapa.

Pumzika, Senge. Mguu nao upumzike.

Mtoto wako,
Wekesa