Namna Shujaa Alivyoanguka

Jumapili usiku, Kanyosha

Nani alimtuma dada yangu ampe shemasi hadithi ninayoiandika? Shujaa wangu analinda madhabahu maisha yake yote, kisha anageuka zimwi linalokula waumini. Basi leo nimepigishwa magoti mbele ya kanisa zima.

"Mutoto, hii si hadithi, ni pepo," shemasi akasema, akinikandamiza kichwa kwa mkono unaonuka kitunguu.

"Apana, papa. Ni kitabu tu."

Wakakemea mpaka jasho likawatoka. Wapumbavu. Mwishowe wote wakaitika amina, na mdomo wangu ukakataa kufunguka.

Hilo ndilo linanitisha. Siku zote hizi nilishindwa kuandika jinsi shujaa alivyopoteza imani. Nilidhani shetani alimshinda vitani. Kumbe wenzake waliitika, yeye akanyamaza.