Baba, Nimewanyima Kitabu Chetu

Baba mpendwa,

Nimekataa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeniuliza kwanza, kabla hata sijavua viatu. Ulikuwa hupendi hadithi ya kuzungushwa. Ungesema nilete ya mwisho, ya katikati tutaikuta njiani. Basi ya mwisho ndiyo hiyo: niliketi Nairobi mbele ya mkataba, kalamu mkononi, kisha nikasimama na kuondoka na mswada wangu. Sasa nikupe ya katikati, maana ulituacha mambo yakiwa hayajaiva.

Barua hii naiandika wazi ili wengine nao waisome, kwa hiyo niruhusu niwaeleze ulikuwa nani. Ulikuwa mbebaji wa mizigo hapa mpakani Busia. Polio ilikupata ukiwa mtoto, ikakuacha na miguu isiyoweza kukubeba, na ukafanya kazi maisha yako yote kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungushwa kwa mikono. Kutoka upande wa Uganda ulileta trei za mayai, ndizi na magunia ya mahindi. Ukienda upande ule ulibeba sabuni na mafuta ya kupikia. Shule zikifungwa, mimi ndiye niliyesukuma kwa nyuma.

Nakumbuka asubuhi moja tumesimama kando ya barabara, tunangoja lori lipite, mayai yamepangwa hadi kidevuni mwako. Mama mmoja aliyevaa vizuri, aliyekuwa ameshuka kwenye basi la Kampala, alipita akakudondoshea sarafu mapajani. Hakukutazama usoni. Ulimwita arudi.

"Mama, mzigo wako uko wapi?"

Akasema hana mzigo, hiyo ni ya kukusaidia tu, mzee wangu. Ukamwambia uko kazini, na kwa kuwa ameshalipa, lazima abebewe kitu. Alikuwa na mkoba mdogo. Ulinyoosha mkono ukauchukua, ukaniambia niuweke juu ya mayai, na tukaondoka. Yule mama alitufuata nyuma amekunja uso. Kufika karibu na stendi alikuwa ameshaanza kukueleza habari za mumewe aliyelazwa hospitali ya Mulago, nawe unamwuliza maswali kama mmejuana miaka. Mlipoagana alikushika mkono. Mimi nilingoja uniambie nimejifunza nini. Uliniuliza tu kama trei ya chini imepasuka.

Nilipokuwa mwalimu wa Kiswahili kule Bumala, nilianza kuandika riwaya juu ya mtu anayeitwa Wandera. Unajua kwamba Wandera si wewe. Ana mke mwingine, ana kesi mahakamani ambayo hukuwahi kuwa nayo, na anapenda mpira, jambo usilolijua hata kidogo. Lakini mikono niliyompa ni yako, na ulimi pia. Jumapili tukitoka kanisani nilikuja nyumbani Mundika, Mama akiambua njugu, nami nakusomea sura niliyoimaliza wiki hiyo.

"Huyu Wandera wako analia sana," uliniambia baada ya sura ya pili. "Nafasi ya kulia anaipata wapi?"

Niliyafuta machozi yake. Kuna mahali ulipocheka ambapo sikuwa nimeandika kichekesho, nami nikajua mahali hapo pasiguswe. Na siku niliyosoma jinsi Wandera alivyogombana na mkewe kwa sababu mke anataka kufungua biashara yake Malaba, wewe ulitazama pembeni. Mama akaweka ungo chini akasema, "Endelea, mwalimu. Baba yako asikie." Hatukula chakula cha mchana mpaka sura ikaisha.

Kitabu kilipokamilika nikakituma. Mchapishaji wa kwanza hakujibu kabisa. Wa pili aliandika sentensi mbili, kwamba kwa sasa hawachukui riwaya isipokuwa zile zinazoweza kuteuliwa shuleni. Wa tatu akaniita ofisini.

Walikuwa wawili. Kulikuwa na mhariri, mama mpole aliyekuwa amekisoma kitabu chote, na afisa wa mauzo, kijana nadhifu aliyekuwa amesoma muhtasari. Sitamsingizia kwamba alikuwa mbaya. Alinikaribisha chai na akasema ukweli wake bila kuupamba. "Mwalimu, soko letu ni shule. Kitabu kisipoingia darasani, kinalala stoo." Kisha akanieleza namna ya kukiingiza darasani. Wandera awe mtoto wa darasa la saba. Magendo yaondolewe, kwa sababu wanafunzi hawawezi kusoma juu ya mtu anayepitisha bidhaa bila ushuru halafu asijute. Mke aondolewe. Maneno ya Kiteso na Kiganda yaondolewe. Katikati aje tajiri kutoka Nairobi, amwone mtoto huyo mlemavu njiani, amhurumie, amlipie karo. Mwisho mtoto ashukuru. Alisema kitabu cha aina hiyo anaweza kukiuza nchi nzima.

Nilimgeukia mhariri nikamwuliza yeye anaonaje. Alikuwa akitazama meza.

"Kitabu ni kizuri hivi kilivyo," alisema. "Lakini si mimi ninayeamua kinachochapishwa."

Nilikuja kukusimulia hospitalini, mapafu yako yakiwa yameshaanza kukusumbua vibaya. Ulinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo lilinitia hofu kuliko kikohozi. Halafu ukauliza, "Hao wanunuzi wamesema hivyo wenyewe, au huyo bwana amewasemea?" Nikajibu amewasemea.

"Ukitaka kuandika huyo mtoto, andika," ukasema. "Watoto kama huyo wako. Lakini usimpe baiskeli yangu."

Hatukuzungumza tena juu ya kitabu. Mvua za masika zilikukuta bado wodini, na hazikuisha kabla hatujakuzika.

Baada ya mazishi niliuweka mswada kabatini pamoja na maazimio ya kazi ya shule, nikaendelea kufundisha. Mwaka uliofuata simu ikalia. Ni yule afisa wa mauzo. Nafasi imepatikana kwenye orodha yao, Wandera wamekubali abaki mtu mzima, kuna marekebisho madogo tu, nije nitie sahihi. Baba, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikasahau kufunga darasa. Mama alinipigia pasi lile gauni la kijani, akawaambia majirani wote wa Mundika kwamba kitabu kinatoka.

Mezani kulikuwa na mkataba, na kando yake mchoro wa jalada. Walimchora Wandera ameketi mavumbini, nguo zimechanika, mkono ameunyoosha mbele, na nyuma yake gari zuri limesimama. Baiskeli haikuwepo. Nilifungua kurasa za hayo marekebisho madogo. Magendo yalikuwa yameondolewa, na ule ugomvi na mke umekuwa mistari michache ya kuombana msamaha. Kila nilipogeuza ukurasa, Wandera alikuwa analia.

Nikauliza baiskeli imeenda wapi. Afisa akaeleza kwa upole kwamba baiskeli ilikuwa inachanganya picha.

"Mkono huo ndio unaouza, mwalimu."

Nilikuwa nimeshafungua kalamu. Niliifunga, nikamwambia huyu mtu simjui, naomba mswada wangu. Alidhani natania. Alipoona sitanii, alinikumbusha kwamba wanaongoja nafasi hiyo ni wengi na kwamba haitarudi. Nikamjibu waingie hao wanaongoja, na nawaombea wasitakiwe kunyoosha mkono kwanza.

Nilikuwa nimefika kwenye ngazi niliposikia viatu nyuma yangu. Ni yule mhariri, amebeba bahasha nene. Ndani yake mlikuwa na nakala ya kitabu chetu, chote, kimehaririwa kwa kalamu ya risasi tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Hakukihariri kwa ajili ya kampuni. Alikifanyia kazi kwake nyumbani, siku zake za mapumziko.

"Nilikihariri kama kilivyo," aliniambia. "Sikujua kama kitatoka. Nilitaka kikitoka kiwe tayari."

Pembeni ya ule ugomvi wa Wandera na mkewe aliandika maneno mawili: hapa usiguse. Nililia palepale ngazini, Baba. Najua ungeniuliza nafasi ya kulia nimeipata wapi.

Nilirudi Busia nikaenda kwa fundi wa uchapaji aliye karibu na soko, yule Mwislamu mrefu anayechapisha kadi za harusi, mitihani ya shule na programu za mazishi. Yako pia aliichapisha yeye. Aliniuliza ni shule gani imeagiza. Nikasema hakuna. Akauliza basi nani atakinunua, nami nikasema bado simjui. Alichukua kurasa za mwanzo akazisoma amesimama, mashine ikinguruma, akaendelea kusoma hata mteja wa kadi za harusi alipoanza kukohoa. Mwishowe akasema kazi ataifanya, nami nitalipa kadiri nitakavyouza. Mwalimu mwenzangu wa sanaa alichora jalada. Baiskeli ipo, imejaa mayai, na anayeiendesha anatazama mbele.

Sitakudanganya kwamba njia ilifunguka. Mwenye duka la vitabu alinikatalia akanionyesha rafu zake, zote vitabu vya darasani. Alisema wazazi huja na karatasi ya shule mkononi, wananunua kilichoandikwa humo na kuondoka, na yeye ana kodi ya kulipa. Mwalimu mkuu mmoja alikisoma akakipenda, kisha akakifungia kwenye droo kwa sababu hakijaidhinishwa. Maboksi bado yamo chumbani kwangu, na nikiamka usiku ninajikwaa juu yake.

Lakini nina hasira, na hasira hii nataka ibaki kwenye maandishi. Wanasema watu wetu hawasomi. Nani amewaletea kitabu wakakikataa? Mama anasoma Biblia mpaka jalada linachomoka. Wenye vibanda wanasoma gazeti la wiki jana kabla ya kulifungia mandazi. Mtu ameketi Nairobi, anaamua kwamba muuza nyanya wa soko la Chakol hana haja na riwaya, na kwa sababu haipelekwi Chakol, muuza nyanya hanunui, na hapo yeye anatoa hesabu kuthibitisha kwamba alisema kweli. Wakiuza vitabu vya darasani, sina ugomvi. Mimi mwenyewe navifundishia. Ugomvi wangu ni kwamba wamekifanya cha darasani kuwa kipimo cha kila kitu, na kisichotoshea kipimo hicho wanakikata miguu. Wapo waandishi waliokubali kukatwa, siwahukumu, wana watoto wa kulisha. Wapo waliokataa na miswada yao imeliwa na mchwa. Mimi nimekataa, na mchwa hawatakula cha kwangu.

Nilianza kukipeleka mwenyewe. Chakol siku ya soko, Bumala kwenye kituo cha magari, wakati mwingine nje ya kanisa. Wenzako wa baiskeli wamenibebea nakala upande wa pili na kuziacha kwa wauza magazeti. Yule afisa wa mauzo amesikia, sijui kwa nani. Alinipigia akauliza kama sasa niko tayari kuzungumza. Nikamwambia niko tayari, aje Malaba tuzungumze mbele ya wanunuzi. Alicheka, akasema atanipigia tena. Sijamsikia, na sikukaa kuingoja simu yake.

Malaba ndiko ninakotaka kukumalizia barua hii. Unaifahamu foleni ile ya malori mpakani, madereva wanakaa kusubiri karatasi zao mpaka wanapika na kufua nguo barabarani. Wiki mbili nyuma niliwauzia kadhaa. Jumamosi hii nimerudi, nikasikia kelele upande wa kivulini, watu wazima wamekaribia kushikana mashati. Dereva mmoja wa Mombasa alikuwa na kitabu mkononi, kidole amekiweka kati ya kurasa asipoteze mahali. Waligombania pale Wandera anapomkatalia kaka yake aliyetaka kumrudisha nyumbani akae tu, alishwe.

"Huyu bwana ana kiburi," alisema dereva. "Ndugu yako anakupa chakula, unamfukuza mlangoni? Mimi ningemwacha alale njaa."

Mwenzake akasema hapana, kaka ndiye mwenye makosa, hakumwuliza anataka nini. Wa tatu akasema wote wawili ni wapumbavu na mke ndiye mwenye akili peke yake. Mmoja alinitambua, wakaniita niamue. Nikawaambia mimi nimeshaandika, kuamua ni kazi yao. Hawakuridhika. Walinigeuzia mgongo wakaendelea.

Nilisimama pale, Baba, nimeshika mfuko wa vitabu, nikiwasikiliza. Hakuna aliyesema maskini. Hakuna aliyesema masikitiko gani haya. Walikuwa wanamlaumu, wanamtetea, wanamtukana, kama wanaume wanavyomsema mwanamume mwenzao asipokuwepo.

Pumzika salama. Mama anakusalimu, na amesema nikuambie kwamba yeye yuko upande wa yule wa tatu.

Mimi, kifungua mimba wako, msukuma baiskeli