Divai ya Mabibo ya Shangazi

Jumanne

Bora ingekuwa ni divai peke yake iliyoharibika.

Leo asubuhi shangazi alifungua chupa ya kwanza ya divai yake ya mabibo ya msimu huu. Kila mwaka huniita tuionje pamoja, tuamue kama ni ya kulazwa ikomae au ya kunywewa upesi. Ile ya mwaka juzi bado inazidi kuwa nzuri. Hii nilipoitia mdomoni, siki tupu.

Yeye akapiga funda, akatabasamu. "Hii itakaa. Tuilaze mpaka harusi ya Rose."

Nilidhani ananitania. "Shangazi, imechacha. Husikii harufu?"

Akainusa tena. Kisha akakata kitunguu, akakisogeza puani.

"Hata hiki sikisikii, mwanangu, wala ladha siipati tena. Nilidhani ni mafua."

Na kichwa humuuma kila anapoamka. Hakumwambia mtu, hata Rose, bintiye. Kesho nampeleka hospitali Mchukwi. Sijui wataona nini humo kichwani. Naogopa hata kukiandika ninachokiwaza.

Jioni nilirudi kumtazama. Harufu ya wali unaoungua niliipata tangu njiani. Nilimkuta kaketi kando ya sufuria, anapepea moto.