Mlango wa Jembe na Mundu

Kate, 12 Novemba 1974

Baba Yustina,

Sisi hatujambo, na Yustina ameota meno mawili. Tulipohamia kijiji kipya, seremala alikuwa mmoja tu kwa kaya zote. Mwenyekiti akaniambia, "Mama, msubiri mumeo arudi kutoka Kasanga."

Sikusubiri. Mbao za mlango nilizichonga kwa jembe la kulimia, misumari nikaipigilia kwa kisogo cha shoka, na matundu nikayatoboa kwa ncha ya mundu niliyoipasha moto. Siku hizi mwenyekiti huwaleta wageni kuutazama.

Habari za yule mwanamke wa huko zimenifikia. Sina ugomvi. Ila komeo nimeliweka kwa ndani, kwa hiyo ukija, piga hodi kama watu wengine.

Ni mimi,
Bertilla