Ukuta Uliopoa

Nyumba za Mtambo, Na. 9,
Nyuma ya Ukuta.
14 Julai

Mpendwa kaka yangu, Bwana Maswali,

Salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani huko uliko? Wifi yangu je, kifua chake kimepata nafuu? Watoto wanakua, au wanaongeza utundu tu? Sisi tu wazima, ingawa uzima wenyewe ni wa kujikongoja. Mama magoti yanamsumbua, na baridi ya mwaka huu haina adabu hata kidogo.

Barua yako niliipata. Umeniuliza maswali kumi katika ukurasa mmoja, ndiyo maana jina hilo halikutoki. Nitajibu lile la mtambo, maana mengine yote yamo humo humo.

Mtambo wetu wa umeme hauchomi gesi kama jiko. Gesi inapita kwenye seli, yaani sahani nyembamba zilizopangwa moja juu ya nyingine, na umeme unatoka humo bila moto wala moshi. Ila sahani zenyewe zina joto la tanuri. Karibu nusu ya nguvu ya gesi ilikuwa ikipotea, inatoka nje kama hewa ya moto kupitia bomba lililojengewa ndani ya ukuta wa nyuma.

Ukuta huo unatazamana na mlango wetu. Ulikuwa na joto mwaka mzima. Majirani walianika nguo hapo, na mama aliweka kiti chake. Kila asubuhi aliegemeza magoti ukutani, na ikifika saa nne anatembea bila fimbo. Tangu baba afariki alikuwa akiuita "mume wangu wa pili", na anasema huyu angalau hakoromi.

Mwaka jana wenye mtambo walitujia juu. Walisema unakula gesi nyingi na kutoa umeme kiduchu, na usipobadilika wataufunga. Fundi mkuu, yule tunayemwita Mzee Kipimo, akatukusanya, akatuuliza. Kwa nini tuache joto liende zake, wakati tunatumia gesi nyingine kupasha hewa inayoingia? Tulinase joto hilo, tulirudishe ndani lifanye kazi hiyo.

Kaka, tulifanya kazi. Tulijenga sanduku kubwa la mabomba, hewa ya moto inapita huku, hewa baridi inapita kule, zinapeana joto bila kugusana. Mimi ndiye niliyechomelea viungo vyake, na kovu mkononi ninalo. Siku tuliyowasha, gesi ile ile ikatoa umeme mwingi kuliko walioutaka wakubwa. Mzee Kipimo, ambaye hata meno yake hatuyajui, alicheka na kutununulia soda wote.

Nikarudi nyumbani mbio na habari njema. Nikamkuta mama amesimama, kiganja kiko ukutani, nao umepoa.

"Mmemfanya nini?" akaniuliza.

Kaka, hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka. Tulipiga hesabu ya kila chembe ya joto, inatoka wapi na inakwenda wapi, na kila siku tunapita mbele ya mama na majirani wakiota joto la ule ukuta. Hatukuwaza. Nilimweleza kwamba ni ili mtambo uishi, nisipoteze kazi, tubaki na nyumba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi sawa," akasema. "Kama amekufa ili wewe ule, sawa."

Ningeweza kuvumilia hilo, kama lingeishia hapo. Lakini wakubwa walikuja, wakatupongeza, wakatushika mikono, kisha wakauuza mtambo. Zamani nani angeununua? Sasa unafanya kazi vizuri, mnunuzi kapatikana mara moja, naye anauhamishia kwake, mbali. Tulikuwa tunampamba bi harusi, kumbe anaolewa ng'ambo. Mzee Kipimo alitusomea tangazo mwenyewe. "Tumeutengeneza vizuri mno," akasema, kisha akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa na uchafu.

Jana wameanza kuupoza. Unapozwa polepole, siku nyingi, kwa sababu sahani zikipoa ghafla zinapasuka. Sisi wenyewe ndio tunaoulinda usipasuke, ili uondoke salama. Nyumba hizi ni za mtambo, kwa hiyo mwisho wa mwezi ujao tunatoka. Kazi nimetafuta sana, lakini ufundi wangu ni wa seli hizi, na hakuna nyingine karibu. Wanasema subira huvuta heri. Nimevuta, kaka, na kamba imekatika.

Uliandika kwamba utakuja mambo yakitulia. Usingojee hilo, hayatatulia. Sikuombi umchukue mama, chumba chenu nakijua, mtu akijinyoosha miguu inagonga mlango. Nataka tu unisaidie kufikiri nimpeleke wapi. Mimi nimefikiri mpaka nimechoka, na sioni pa kumpeleka.

Msalimie sana wifi, na uwabusu wanangu, hasa yule wa mwisho ambaye sijamwona. Majirani na Mzee Kipimo wanakusalimu. Mungu awafunike hapo mlipo, msijue baridi.

Wako akupendaye, huku vidole vikiwa vimekufa ganzi,
Dada yako, Spana

Tena: Nilipokuwa nafunga bahasha, mama ameniita nje. Yuko kwenye kiti chake, magoti yameegemea pale pale. "Weka mkono hapa," ameniambia. "Ana joto. Kidogo, lakini analo." Nimeweka. Ukuta ni baridi kama ndoo ya maji. Nimemwambia ndiyo, mama, analo. Amefurahi, na ameniagiza nikuandikie hivyo, usije ukaacha kazi zako na kuhangaika bure. Nimekuandikia alivyoniagiza.