Shokapu Ndefu za Safari ya Baba

Jumatatu, 7 Aprili

Pampu ya kisima cha Mandawa niliyokwenda kuitengeneza imewaka, maji yanatoka. Nimerudi kwangu Masoko alasiri, matope hadi magotini. Gari linagonga mbele kama kawaida. Aliyeniuzia aliliinua kwa kupachika vipande vya chuma juu ya springi, shokapu akaziacha zile zile fupi. Gurudumu likitumbukia shimoni, shokapu inavutika hadi mwisho na kupiga kishindo. Mimi nimezoea.

Baba hakula leo. Uji vijiko viwili, basi. Saratani imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo. Hospitali walishasema tukae naye tu, tumpe dawa ya maumivu.

Jumanne, 8 Aprili

Asubuhi Baba aliniita. Sauti yake imekuwa ndogo.

"Bakari, nirudishe nyumbani. Nikalale kwangu."

Nyumbani ni ndani, ukishapita Kitomanga, kwenye mikorosho yake, anakoishi dada yangu Somoe. Hadi Kitomanga ni lami. Baada ya hapo ni mashimo na tope. Mwenye gari la kukodi kakataa. Masika hii haendi huko.

Nikasema nitampeleka mwenyewe. Tukajaribu kwanza. Mke wangu Rukia akamshika, tukazunguka mtaa mmoja tu. Kwenye shimo la pili Baba alipiga ukelele. Sijawahi kumsikia baba yangu akilia. Nikageuza gari.

Mchana nimeagiza shokapu ndefu kutoka Dar, zinazolingana na gari lililoinuliwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Zimefika na basi. Rafiki yangu Athumani kaja na jeki na spana zake. Tukaegemeza gari juu ya magogo, tukatoa magurudumu ya mbele. Bolti za chini zimeshikwa na kutu. Mafuta, nyundo, matusi. Ya kushoto ilitoka adhuhuri, ya kulia ilitutesa hadi jua linazama. Springi tuliibana polepole. Ikifyatuka inaua mtu.

Ukizilaza sambamba, mpya inaizidi ya zamani urefu wa kiganja. Kiganja tu. Ndicho kilichomliza Baba.

Ijumaa, 11 Aprili

Baada ya Swala ya Ijumaa nimelijaribu kwenye barabara mbovu ya ufukweni. Kimya. Gurudumu linashuka shimoni na kupanda, bodi imetulia. Nilitaka kulia. Nikamwambia Rukia afungashe.

Athumani akataka tulipandishe jeki mara ya mwisho. Gurudumu likaning'inia, na mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta, ukakaza kama kamba ya kuanikia nguo. Sasa gurudumu linashuka chini kuliko zamani na mpira haufiki. Nikikata kona shimoni, unachomoka na breki sina tena. Na kule ndani kuna mteremko.

Somoe akapiga simu analia. "Mlete leo, kaka. Mlete hivyo hivyo." Rukia naye akaniambia nachezea gari na mzee anaondoka. Nikamjibu vibaya. Sitaki kuandika nilichosema.

Hatuendi. Mpira mrefu upo Lindi, unakuja kesho. Nimemwambia Baba. Akasema, "Haya." Hakulalamika. Afadhali angelalamika.

Naogopa. Akifa hapa Masoko, ni mimi niliyemchelewesha.

Jumamosi, 12 Aprili

Basi limechelewa. Mpira tumeufunga jioni, tukatoa hewa kwenye breki, Athumani akikanyaga pedali, mimi chini ya gari. Mvua imeanza. Baba bado anapumua. Nimemwomba Rukia msamaha. Ameitikia kwa kichwa.

Jumapili, 13 Aprili

Tumeondoka baada ya alfajiri. Kiti cha nyuma nimekitoa, godoro chini, kichwa cha Baba mapajani mwa Rukia. Kwenye lami alikuwa macho. Kitomanga tukaacha lami.

Nilikwenda kama nimebeba mayai. Tope lilifika kwenye vitovu vya magurudumu. Mashimo sikuyahesabu. Kila moja nilibana meno nikisubiri ukelele. Kwenye mteremko ng'ombe walikatiza mbele yangu, nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Gari likasimama. Nikakaa kidogo kabla ya kuendelea.

Mikorosho ya jirani ilipoanza kuonekana, Baba akafungua macho.

"Mashimo bado hatujayafikia?"

"Tumeshayapita, Baba."

Halafu akasema, "Nililala."

Somoe alikuwa barazani. Alimpa shikamoo amepiga magoti kwenye tope, na Baba akaitikia marahaba. Tulimbeba hadi kitandani kwake.

Jumatano, 16 Aprili

Baba alifariki jana, jua linachomoza. Tumemzika alasiri. Watu walikuja wengi kwa mvua ile.

Leo nimekaa na Somoe tunapukuchua mahindi. Amenieleza kuwa ile jioni ya kwanza Baba aliomba mlango wa uani uachwe wazi, asikie mvua ikipiga majani. Sikujua. Nilikuwa nimelala chumba cha pili, hoi.

Nimelia kidogo. Somoe ameendelea na mahindi.

Mvua imerudi sasa hivi. Rukia aliinuka kufunga mlango wa uani, Somoe akamwambia auache.